Kuzindua gemu ya mtandaoni ukiwa Kigoma, na vipengele vingine vikifuata baadaye: mwongozo kamili

Mwongozo huu ni wa timu ndogo, watu wawili hadi watano, yenye gemu ya simu ambayo tayari inachezeka kati ya simu kadhaa lakini bado haijafika kwa watu. Wachezaji wa kwanza ni wa hapa nchini, wengi wana simu za Android za bei ya kawaida na bando la siku au la wiki. Mfano tutakaoutumia ni gemu ya kuvua dagaa usiku Ziwa Tanganyika: watu wanne kwenye mtumbwi mmoja, mitumbwi miwili ikishindana, raundi moja dakika nane.

Gemu za aina hii hazifi kwa uchache wa vipengele siku ya kwanza. Hufa mwezi wa pili au wa tatu, pale kipengele kipya kinapolazimisha kuvuruga akaunti za watu ili kiingie, au kinapowafungia nje wote ambao hawajasasisha. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya baadaye hufanywa kabla ya uzinduzi, mahali ambapo mchezaji haoni.

Kata orodha

Andika kila kitu mnachotaka gemu iwe nacho. Kwa kila kimoja uliza: bila hiki, mtu anaweza kufungua gemu, kumaliza raundi moja, kutoka, na kesho akakuta mali yake iko palepale? Kama anaweza, hicho kisubiri. Kwenye gemu ya dagaa yatabaki kujisajili, kupangiwa mtumbwi, raundi yenyewe, kuhifadhi samaki na sarafu, kurudishwa mchezoni mtandao ukikatika, kuripoti mchezaji msumbufu, na kufuta akaunti. Hilo la mwisho husahaulika sana, na Google Play inalidai: gemu inayomfungulia mtu akaunti lazima impe njia ya kuifuta, ndani ya programu na pia kupitia kiungo cha wavuti.

Soga ya maandishi isubiri, hata kama kila mjaribuji ataiomba. Ukiiweka, lazima mtu wa timu akeshe akiangalia matusi, na Kigoma matusi hayo yatakuja kwa Kiswahili, Kiha, Kirundi na Kifaransa cha ng'ambo ya ziwa, mara nyingine yote kwenye sentensi moja. Hakuna kichujio cha maneno kinachoweza mchanganyiko huo. Badala yake weka vitufe kumi au kumi na mbili vya maneno tayari: "Washa taa", "Vuta wavu", "Ngojeni kwanza", "Nisaidieni upande huu". Kila neno litumwe kama namba, si maandishi. Linakula baiti moja tu, na siku mkiongeza lugha nyingine kila simu itaonyesha neno kwa lugha ya mwenyewe.

Duka, vikundi, mashindano ya wiki na mapambo ya mtumbwi vyote ni vya baadaye.

Mambo ya kujenga sasa kwa ajili ya baadaye

Anza na namba ya itifaki. Simu inapojiunga, ujumbe wake wa kwanza ubebe namba ya toleo la programu na namba ya itifaki, yaani mpangilio wa ujumbe kati ya simu na seva, kompyuta ya mtandaoni inayounganisha wachezaji wote. Seva iwe na kiwango cha chini inachokubali, na aliye chini yake aletewe skrini yenye kitufe cha kusasisha. Skrini hiyo lazima iwepo tangu toleo la kwanza kabisa. Huwezi kuipeleka baadaye kwenye simu ambazo tayari zina toleo lisiloijua; wenye simu hizo wataona duara linazunguka tu, kisha watafuta gemu.

Kila kitu ndani ya gemu kipewe namba ya kudumu ambayo haitatumika tena hata kitu hicho kikiondolewa: karabai ni 1001, wavu mdogo ni 1002, kasia ni 1003. Ukihifadhi "kitu cha tatu kwenye orodha", siku utakapoingiza taa ya sola katikati ya orodha, mwenye kasia ataamka na wavu. Pia simu yenye toleo la zamani ikipokea namba isiyoijua, ionyeshe picha ya boksi na kuendelea. Isianguke.

Kisha swichi za mbali. Seva itoe faili dogo linaloorodhesha kila kipengele: kimewashwa au kimezimwa, kwa asilimia ngapi ya wachezaji, na kuanzia toleo lipi. Programu ilisome inapofunguka na kila baada ya dakika 10. Likishindwa kufika, itumie nakala ya mwisho iliyohifadhiwa. Kama hakuna nakala, kila kipya kibaki kimezimwa. Kipengele kipya kiingie kwenye simu kikiwa kimezimwa, kiwashwe kwa wachache, kisha kwa wote. Ila swichi nazo zina gharama: swichi kumi zikiachwa zizagae hutengeneza michanganyiko 1,024, na hakuna timu ya watu wanne itakayoijaribu yote. Kipengele kikishakaa mwezi mzima kimewashwa kwa kila mtu, futa swichi yake kwenye msimbo.

Kwenye kanzidata, yaani ghala la data za wachezaji, kanuni ni kuongeza kabla ya kuondoa. Unataka kubadilisha safu ya "samaki" iwe aina tatu za samaki? Ongeza safu mpya zinazokubali kuwa tupu; chapisha toleo la seva linaloandika pande zote mbili; hamisha data ya zamani kidogokidogo; safu ya zamani iondoke tu pale ambapo hakuna toleo linaloisoma tena. Kanzidata moja ya PostgreSQL kwenye seva ndogo inatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza.

Sarafu zistahili uangalifu wa pekee. Usihifadhi salio peke yake. Weka daftari: kila mstari useme nani, kiasi gani, kwa sababu gani, na namba ya ombi isiyojirudia. Mtandao wa simu hukatika katikati ya jibu, simu inadhani ombi halikufika, inalituma tena, na mtu analipwa mara mbili. Namba ya ombi ikiwa ya kipekee kwenye kanzidata, ombi la pili linakataliwa bila mtu kujua. Daftari hilohilo ndilo litakalokuwezesha kurudishia watu mali zao kitu kikiharibika.

La mwisho hapa ni saa, na kwa mkoa wa mpakani si jambo dogo. Burundi na mashariki ya Kongo wako saa moja nyuma yetu. Simu iliyoko Manyovu au ufukweni ikinasa mnara wa jirani hujirekebisha saa yenyewe. Tena wapo wanaosogeza saa ya simu mbele kwa makusudi ili wachukue zawadi ya kesho leo. Kwa hiyo saa ya simu isiaminiwe kwa lolote. Seva ihifadhi muda kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia nzima, iongeze saa tatu inapoonyesha, na matangazo yaandike saa kwa namna mbili: "saa 9 usiku (03:00)".

Seva, umbali na bando

Usijaribu kuendesha seva nyumbani au kwenye simu. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, kwa hiyo hakuna wa nje anayeweza kukufikia. Kodi seva pepe, yaani sehemu ya kompyuta ya kampuni, yenye anwani yake ya umma. Kwa kuanzia kiini kimoja cha kompyuta na GB 2 za RAM vinatosha.

Iwe wapi? Kwenye nyuzi za kioo mwanga hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 za njia huongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi, kabla hata ya foleni za vifaa vya njiani. Wachezaji wawili waliokaa nyumba jirani pale mtaa wa Mwanga, Kigoma, seva ikiwa Ujerumani, kila mvuto wa wavu unakwenda Ulaya na kurudi. Machaguo ya maana ni mawili: kampuni yenye mashine Dar es Salaam, au vituo vya Afrika Kusini, ambako kati ya kampuni kubwa za kukodisha seva AWS wako Cape Town, na Azure na Google Cloud wako Johannesburg. Tunapendelea Dar kwa seva ya mchezo, mradi kampuni itoe bei ya mwezi iliyo wazi na uwezo wa kupiga nakala ya mashine nzima. Sababu nyingine ni nyaya za baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa pamoja na intaneti ikadorora nchi nzima. Seva iliyo ndani ya nchi haitegemei nyaya hizo kuwafikia wachezaji wa ndani. Bakapu (nakala za akiba za data), kinyume chake, ziwekwe nje ya jengo hilo.

Pima mwenyewe kabla ya kulipa mwaka mzima. Chukua simu zenye laini tofauti, pima saa 2 usiku mtandao unapolemewa, kwa siku tatu au nne, kutoka Ujiji, mjini, Kasulu na Uvinza. Usiridhike na wastani. Angalia vipimo vibaya zaidi vitano katika kila mia, kwa sababu hivyo ndivyo mchezaji anavyovikumbuka. Ukiona milisekunde 200 mara kwa mara, gemu ya uvuvi itakwenda vizuri, ya kurushiana ngumi haitaenda.

Sasa bando. Seva ikituma hali ya mchezo mara 10 kwa sekunde, wachezaji wanane, baiti 12 kila mmoja, hiyo ni baiti 96. Vichwa vya IP na UDP, yaani maelezo ya njia yanayotangulia kila kifurushi, ni baiti 28; UDP ni njia ya kutuma bila kusubiri uthibitisho. Jumla baiti 124 mara 10 kwa sekunde, karibu MB 4.5 kwa saa. Ongeza MB 1.5 za simu kutuma, unafika MB 6. Ukituma data hiyohiyo kama maandishi ya JSON, baiti 90 kwa kila mchezaji, kupokea peke yake kunafika MB 27 kwa saa. Mchezaji hatajua ni kwa nini, ataona tu kwamba gemu yako "inakula bando". WebSocket, muunganisho unaobaki wazi kati ya simu na seva, ni rahisi kujenga na hupita kwenye karibu kila mtandao, lakini hutumia bando zaidi ya UDP, na kipande kimoja kikipotea vyote vya nyuma yake husubiri, ndipo gemu inapoganda kisha kuruka. Kwa dagaa inavumilika. Tungeanza nayo kama timu haina uzoefu wa UDP.

Kukatika hakuepukiki, kwa hiyo kupange. Utambulisho wa mchezaji ufungwe kwenye tokeni (ufunguo wa siri wa kidijitali) aliyopewa na seva, kamwe si kwenye anwani yake ya IP, maana akitoka Wi-Fi kwenda data anwani inabadilika. Nafasi yake mtumbwini ishikiliwe sekunde 90 huku kompyuta ikivuta wavu badala yake. Simu ijaribu kurudi baada ya sekunde 1, kisha 2, 4, 8, hadi 30, na kila mara iongeze muda kidogo wa kubahatisha. Bila huo muda wa kubahatisha, umeme ukirudi mtaa mzima au seva ikiwashwa upya, simu zote zitabisha hodi sekunde ileile na kuiangusha tena.

Majaribio

Akaunti ya msanidi Google Play ni dola 25, hulipwa mara moja. Akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 lazima zifanye jaribio la faragha lenye wajaribuji wasiopungua 12 waliojiunga kwa siku 14 mfululizo, ndipo uombe ruhusa ya kuchapisha kwa umma. Akaunti ya kampuni haina sharti hilo, ila inataka namba ya D-U-N-S, ya kutambulisha kampuni kimataifa. Tafuta watu 20 badala ya 12. Wapo watakaopoteza simu, watakaojitoa, na watakaobadilisha akaunti bila kukuambia. Kisha kuna ukaguzi. Hesabu wiki tano tangu jaribio lianze hadi siku ya uzinduzi.

Tumia siku hizo 14 kwa kazi ya kweli. Jaribu kwenye simu yenye GB 2 za RAM. Pokea simu katikati ya raundi. Zima data sekunde 20 kisha washa. Funga skrini. Washa hali ya kuokoa chaji. Badilisha laini. Kila moja ya hizo huvunja gemu kwa namna yake. Andika pia programu ya roboti inayocheza kama mtu, uendeshe roboti 200 dhidi ya seva kwa saa mbili huku ukiangalia kumbukumbu: ikipanda bila kushuka, una tatizo litakaloangusha seva usiku wa tatu.

Amua kikomo cha wachezaji kwa wakati mmoja, chini ya kile roboti zilichoonyesha, na wa ziada wawekwe kwenye foleni inayoonyesha nafasi yao. Hata wakubwa hufanya hivyo: Desemba 2021 kampuni ya Square Enix walisimamisha kwa muda kuuza gemu yao ya mtandaoni Final Fantasy XIV kwa sababu seva zilijaa.

Karatasi na pesa

Sajili jina la biashara BRELA na upate TIN kabla ya kupokea senti. Kwa kuwa unakusanya namba za simu au barua pepe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu, na usajili hufanywa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Njia rahisi ya kupunguza mzigo ni kukusanya kidogo. Jina la kuchezea na tokeni vinatosha kuanza. Epuka masanduku ya bahati yanayonunuliwa kwa pesa halisi: ukishaweka pesa, bahati na zawadi pamoja umeanza kuikaribia himaya ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Bidhaa za kidijitali ndani ya gemu iliyoko Google Play hulipiwa kwa mfumo wao, na makato ni asilimia 15 kwa dola milioni moja za kwanza kila mwaka. Usiuze kitu ambacho bado hakijajengwa. Kamwe.

Wiki ya uzinduzi

Chagua Jumanne au Jumatano isiyo karibu na sikukuu. Ijumaa ni mbaya kwa sababu hitilafu itatokea Jumamosi na msaada wa kampuni ya seva utajibu Jumatatu. Siku tatu kabla, hakuna anayegusa msimbo ila kurekebisha kinachoangusha gemu. Washa mpangilio wa kuchapisha kwa mkono ndani ya Play Console, ukurasa wa wasanidi wa Google Play, ili ukaguzi ukipita, gemu isubiri kidole chako. Toleo la kwanza haliwezi kutolewa kwa asilimia. Kinachowezekana ni kuchagua nchi, basi fungua Tanzania peke yake.

Mpangilio wa siku yenyewe:

1. Saa 1 asubuhi (07:00), piga bakapu ya kanzidata, kisha ifungue kwenye mashine nyingine na ujisajili humo. Bakapu ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu.
2. Hakikisha swichi za vipengele vya baadaye zimezimwa na kikomo cha wachezaji kimewekwa.
3. Saa 3 asubuhi (09:00), chapisha. Gemu huchukua saa kadhaa kuonekana kwa kila mtu, kwa hiyo usitangaze bado.
4. Saa 11 jioni (17:00), sakinisha kutoka dukani kwa simu ambayo haijawahi kuwa na gemu hii, cheza raundi nzima, ndipo utangaze kwenye magrupu ya WhatsApp na kurasa zenu.
5. Kuanzia saa 1 hadi saa 5 usiku, mmoja aangalie seva, mwingine ajibu watu. Asiwe mtu mmoja. Wote wawili wawe na betri ya akiba na laini za mitandao miwili.

Baada ya kutoka

Wiki mbili za kwanza ni za marekebisho tu. Google huhesabu gemu kuwa na tabia mbaya, na kuipunguzia kuonekana, ikiwa asilimia 1.09 ya watumiaji kwa siku wanaona ikianguka, au asilimia 0.47 wanaona ikikwama bila kujibu. Kama uko juu ya hapo, kipengele kipya ni anasa.

Halafu ndiyo ahadi. Kampuni ya Hello Games walizindua gemu ya No Man's Sky Agosti 2016 ikiwa haina mambo ambayo watu waliyategemea, na wakatumia miaka wakirudisha imani kwa masasisho ya bure. Wao walikuwa na mauzo ya kuwalisha wakati huo, wewe huna. Tangaza tu kipengele ambacho kimeshachezeka ndani ya timu. Vingine viite "tunafikiria", bila tarehe.

Sasisho litoke seva kwanza, ikiwa inaelewa itifaki ya zamani na mpya, kisha programu: asilimia 5 ya watu, subiri siku moja, 20, 50, 100. Kumbuka Play haikuruhusu kurudi kwenye namba ndogo ya toleo. Ukiharibu, unaweza kusimamisha usambazaji, lakini walioshapokea wamepokea. Kinachowaokoa ni kuzima swichi. Toleo la zamani lihudumiwe angalau miezi miwili. Simu nyingi zimewekwa zisasishe kwa Wi-Fi tu, na watu wengi hapa hawana Wi-Fi. Picha na sauti mpya zishushwe ndani ya gemu kwa ruhusa ya mchezaji, na kitufe kiseme ni MB ngapi.

Tatizo litakalokusumbua kuliko hitilafu ni mitumbwi mitupu. Wachezaji 60 waliotawanyika siku nzima hawakutani. Weka saa maalumu, mfano saa 2 hadi saa 4 usiku, zenye malipo ya samaki mara mbili, na nje ya hapo jaza nafasi kwa roboti zilizoandikwa wazi kuwa ni roboti. Ukificha, watu watagundua ndani ya wiki.

Matukio ya msimu ni nyongeza ya bei nafuu kuliko ramani mpya, na ziwa linakupa mawili bure. Wavuvi wa taa hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali. Seva inaweza kuhesabu mwezi, mzunguko wa siku 29.5, na usiku huo ikabadili mchezo kuwa wa kushona nyavu na kutengeneza mitumbwi. Na Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kila mtu Kigoma alielewa maana yake mezani. Swichi moja, "ziwa limefungwa", ikiwa na kazi tofauti za kufanya nchi kavu, itawagusa wachezaji kuliko mapambo kumi ya mtumbwi.

Kipengele kikikaa mwezi mzima na hata mmoja kati ya kumi hakitumii, kizime. Toa taarifa wiki moja kabla, rudisha sarafu zilizotumika humo kwa kusoma daftari, na namba za vitu vyake usizigawe tena.